Je, ni kweli mtoto wa kiume humchelewesha mama leba?

NI saa nne za usiku katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Mama mja mzito, mimba yake ya kwanza, amekuwa na uchungu tangu alfajiri. Anashika kiuno, anatembea kutoka sebuleni hadi jikoni, anaegemea ukuta, kisha anaanza tena. Mumewe ameshika simu. Upande wa pili ni mamake, yuko mashambani, na jibu lake ni la utulivu kabisa.

"Mwambie avumilie. Huyo ni mvulana. Wavulana ndivyo walivyo, huchelewa. Hata wewe ulinitesa siku mbili."

Simu inakatwa. Teksi iliyokuwa imekwisha kuitwa inaambiwa isije.

Mimi nilikuwa jirani katika ploti hiyo, na nitakueleza baadaye jinsi usiku ule ulivyokwisha. Kwa sasa nataka tuyatazame maneno ya mama mkwe huyo, kwa maana bila shaka nawe umewahi kuyasikia. Pengine uliyasikia saluni, kanisani, au ukiwa kwenye foleni ya kliniki. Pengine uliambiwa wewe mwenyewe ukiwa kitandani, jasho likikutoka: uchungu ukiwa mrefu, ni wa kiume, ukiwa mfupi, ni wa kike.

Imani hiyo haiko kwa kabila moja tu. Jamii nyingi zimempa mtoto wa kiume makaribisho yake maalumu tangu siku ya kwanza. Miongoni mwa Wakikuyu, kwa mfano, mila ilikuwa wanawake wapige vigelegele vitano mvulana akizaliwa na vitatu akiwa msichana, hivi kwamba aliyekuwa mbali shambani alijua habari bila kuuliza. Katika fikira za namna hiyo si ajabu watu kuamini kwamba mgeni wa vigelegele vitano lazima awe na kishindo hata njiani.

Basi swali ni hili: je, kuna ukweli wowote, au ni porojo za wazee?

WAZEE HAWAKUKOSEA KABISA

Jibu litawashangaza wengi. Kuna ukweli, ingawa ni mdogo.

Mwaka wa 2003 madaktari wa hospitali moja kubwa ya uzazi mjini Dublin, Ireland, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la British Medical Journal. Walikuwa wamepekua rekodi za uzazi zaidi ya 8,000 za kati ya mwaka wa 1997 na 2000. Walichagua akina mama ambao mimba zao zilikuwa zimekomaa na ambao uchungu wao ulianza wenyewe, bila kuanzishwa kwa dawa. Kisha wakalinganisha waliozaa wavulana na waliozaa wasichana.

Waligundua kwamba uchungu wa waliozaa wavulana ulichukua muda mrefu kidogo. Aidha, akina mama hao walihitaji zaidi dripu ya kuongeza nguvu za uchungu. Watoto wa kiume walionyesha dalili za kuchoka tumboni mara nyingi zaidi, na waliozaliwa kwa kuvutwa na vifaa au kwa upasuaji walikuwa wengi kuliko wasichana. Madaktari hao, kwa utani kidogo, waliandika kwamba wakunga wanaposema "huyu lazima ni mvulana" leba inapokuwa ngumu, wana haki ya kisayansi kuliko ilivyodhaniwa.

Wachunguzi wa nchi nyingine, wakiwemo wa Marekani na Israeli, nao wameona jambo hilohilo: mimba ya mtoto wa kiume huishia kwenye upasuaji mara nyingi zaidi kidogo.

Hapa ndipo wanaume wengi wangependa makala haya yaishie, ili wapate la kusema kwenye baa. Lakini tusiharakishe. Swali muhimu si kama kuna tofauti bali ni kubwa kiasi gani. Katika uchunguzi huo wa Dublin, wastani wa uchungu kwa mtoto wa kiume ulikuwa zaidi kidogo ya saa sita, na kwa mtoto wa kike ulikuwa chini kidogo ya saa sita. Yaani tunazungumza juu ya dakika. Muda unaotumia kungoja matatu ijae ukiwa stejini unaweza kuupita.

Ni lazima pia ujue kwamba hospitali hiyo ina desturi yake, iliyoanza miaka ya 1960, ya kuusimamia uchungu kwa karibu sana na kuuongezea kasi mapema unapozubaa. Kwa hivyo usichukue zile saa sita kuwa kipimo chako. Chukua tu ile tofauti, na uone ilivyo ndogo.

KICHWA NA NYONGA

Kwa nini basi kuwe na tofauti hata hiyo ndogo? Sababu ya kwanza ni ya wazi, nayo ni ukubwa.

Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, ambavyo ndivyo msingi wa chati iliyo katika kijitabu cha mama na mtoto unachopewa kliniki, mtoto wa kiume wa wastani huzaliwa akiwa na kilo 3.3 na wa kike kilo 3.2. Kichwa cha mvulana, kikizungushiwa utepe, ni sentimita 34.5, cha msichana ni sentimita 33.9. Tofauti hiyo ya milimita 6 haionekani kwa macho. Mkunga mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuitambua kwa kushika tu.

Lakini kumbuka mahali ambapo kichwa hicho kinapita. Nyonga ya mwanamke ni mduara wa mfupa, nao haupanuki kama mpira. Mtoto hulazimika kuinamisha kidevu, kugeuka kidogo kidogo kama mtu anayepitisha meza kubwa katika mlango mwembamba, huku mifupa ya fuvu lake ikisogeleana na hata kupandana ili kichwa kipungue. Ndiyo maana watoto wengi huzaliwa na kichwa kilichorefuka, na nyanya wakakimbilia kukikanda. Hakuna haja ya kukikanda. Hujirudi chenyewe baada ya siku chache. Katika safari ya namna hiyo milimita chache zina maana yake, hasa kwa mama ambaye nyonga yake ni nyembamba.

Sababu ya pili haijulikani sana na watu, nayo inapingana na yale tunayoambiwa kila siku kuhusu nguvu za kiume. Mtoto mchanga wa kiume ni dhaifu kuliko dada yake. Homoni za kiume huchelewesha kidogo kukomaa kwa mapafu, hasa utengenezaji wa ule ute unaozuia vifuko vya hewa visishikamane. Wavulana huzaliwa kabla ya wakati mara nyingi zaidi, na miongoni mwa watoto njiti, wasichana ndio wanaoponea zaidi. Karibu kila nchi duniani, watoto wa kiume wanaofariki katika siku 28 za kwanza ni wengi kuliko wa kike. Maumbile yanaonekana kulijua hili, kwani huzaliwa wavulana wengi kidogo kuliko wasichana, kana kwamba kuna wa akiba.

Unyonge huo huonekana pia katika leba. Kila mara mfuko wa uzazi unapokaza, damu inayopita katika kondo la nyuma hupungua kwa muda, na mtoto hukaa kama mtu aliyezuia pumzi. Uchungu ukiachia, anapumua tena. Watoto wengi huvumilia hali hiyo bila shida. Asiyevumilia, mapigo ya moyo wake hubadilika. Kwa kawaida moyo wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Ukishuka na usirudi upesi, mkunga huita daktari. Ni hapa ambapo wavulana huwatia madaktari wasiwasi mara nyingi zaidi, na ndipo upasuaji mwingine unapotokea.

YANAYOAMUA HASA

Sasa hebu nikuulize. Kati ya mvulana wa kilo 2.8 na msichana wa kilo 4, ni nani atakayekutoa jasho? Huhitaji daktari wa kukujibu. Wastani ni wastani tu. Katika wodi yoyote utawakuta wavulana waliozaliwa kabla mkunga hajavaa glavu, na wasichana waliochukua usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata.

Wakunga hufundishwa kutazama mambo matatu uchungu unapozubaa: nguvu, njia na msafiri. Nguvu ni ule mkazo wa mfuko wa uzazi, kama ni wa kutosha na unakuja kwa mpango. Njia ni nyonga na mlango wa kizazi. Msafiri ni mtoto, ukubwa wake na jinsi alivyolala. Na kati ya yote yanayomhusu msafiri, jinsi alivyolala ni jambo zito kuliko kuwa mvulana au msichana. Mtoto anayeangalia mbele, yaani uso wake ukielekea tumbo la mama badala ya mgongo, huleta kichwa kwa upande wake mpana. Uchungu wake ni wa kiunoni, mkali, wa kukatisha tamaa, na huweza kuchukua saa nyingi. Aliyetanguliza matako au aliyelala kimshazari ana hadithi yake tofauti.

Zaidi ya hayo yote kuna jambo moja ambalo linashinda jinsia kwa mbali sana: kama umewahi kuzaa au la. Mimba ya kwanza ndiyo inayofungua njia. Kulingana na mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2018, uchungu wa kweli, unaohesabiwa kuanzia mlango wa kizazi ufikapo sentimita 5 hadi unapofunguka wote, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa anayezaa mara ya kwanza, na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Baada ya hapo, kazi ya kusukuma huisha ndani ya saa tatu kwa wa kwanza na ndani ya saa mbili kwa wengine. Ndiyo maana mama aliyezaa kifungua mimba wa kiume na kisha wa pili wa kike huapa kwamba wasichana ni rahisi. Hajui kwamba huyo wa pili alipita katika barabara iliyokwisha kuchongwa. Mwulize jirani yake aliyeanza na msichana, naye atakuapia kinyume.

KARATASI YA MKUNGA

Huenda ulipolazwa uliona mkunga akijaza karatasi yenye miraba na nukta. Asili ya karatasi hiyo iko hapahapa Afrika. Mwaka wa 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji ambao sasa ni Harare, Zimbabwe, walichapisha mchoro wa kuwasaidia wakunga wa zahanati za mbali kujua mapema mama anayehitaji kupelekwa hospitali kuu. Walichora mstari wa tahadhari, na mstari wa kuchukua hatua saa nne mbele yake. Hesabu ilikuwa mlango wa kizazi ufunguke sentimita moja kila saa. Mama akivuka mstari, gari liitwe.

Mchoro huo uliokoa wengi na ukaenea duniani kote. Hata hivyo, kati ya mwaka wa 2014 na 2015, uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda ukiwahusisha zaidi ya akina mama 5,000 ulionyesha kwamba wengi hawafuati hesabu hiyo ya sentimita moja kwa saa, hasa kabla ya kufika sentimita 5, na bado wanajifungua salama. Kwa sababu hiyo WHO ilitoa karatasi mpya mwaka wa 2020. Ndani yake kuna mahali pa kuandika mapigo ya moyo wa mtoto, rangi ya maji, jinsi kichwa kilivyokaa, shinikizo la damu la mama, kama amekunywa chochote, na hata kama ana mtu wa kumshika mkono.

Mahali pa kuandika kama mtoto ni wa kiume au wa kike hapapo. Hakuna mkunga duniani anayeongezewa muda wa kungoja kwa sababu skeni ilisema ni mvulana.

Huo ndio wasiwasi wangu na yale maneno ya mama mkwe. Akina mama wa Kenya hawafi kwa kuzaa wavulana. Baadhi yao hufa, au hupoteza watoto, kwa sababu mtu aliyekuwa karibu alipata maelezo ya kumtuliza wakati ambapo hakustahili kutulia. Sensa ya mwaka wa 2019 ilipata kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walifariki kwa sababu za uja uzito na uzazi. Uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka wa 2022 ukapata kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hawamalizi mwezi wao wa kwanza. Na hii ni wakati ambapo karibu akina mama tisa katika kila kumi huhudumiwa na mkunga au daktari aliyefunzwa. Kwa wengine shida si kukosa hospitali bali ni kuifikia wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Uchungu uliokwama una hasara nyingi. Kichwa cha mtoto kikikaa saa nyingi kimebana kibofu dhidi ya mfupa, nyama ya hapo hukosa damu na kufa. Baada ya siku kadhaa hutokea tundu, na mama huanza kuvuja mkojo asiweze kujizuia. Hiyo ndiyo nasuri, ambayo wengi huiita fistula, na wanawake wengi wamejificha nayo miaka mingi kwa aibu. Mfuko wa uzazi nao unaweza kupasuka, hasa kwa mama mwenye kovu la upasuaji wa zamani. Mtoto anaweza kukosa hewa hadi ubongo ukaumia.

Hapo niongeze neno kuhusu zile dawa za miti shamba ambazo mama hunyweshwa "ili mvulana aharakishe." Baadhi yake hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu isiyo na kipimo. Hospitalini dripu ya kuongeza uchungu huhesabiwa tone kwa tone na mtu akiwa amesimama hapo, kwa maana kuzidisha ni hatari. Kikombe cha mizizi hakina matone ya kuhesabu.

TUMBO HALISEMI

Labda utauliza kama unaweza kujua mapema unayembeba. Watu hutazama tumbo: lililochongoka ni la mvulana, lililotandaa ni la msichana. Mwaka wa 1999 watafiti wa Baltimore, Marekani, waliwaomba wanawake 104 wabashiri. Matokeo yalikuwa sawa na kurusha sarafu, na umbo la tumbo halikusaidia lolote. Umbo hilo hutegemea misuli yako, urefu wako na mimba ulizokwisha kubeba.

Mambo mengine mawili yana chembe ya ukweli. Wanaotapika hadi kulazwa katika miezi ya mwanzo huwa na wasichana mara nyingi zaidi kidogo, kama walivyoona watafiti wa Sweden mwaka huohuo wa 1999. Na uchunguzi wa Boston wa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba wanaobeba wavulana hula takriban asilimia 10 zaidi. Kwa hivyo ukimaliza sufuria ya ugali peke yako, unaweza kuwa na kisingizio. Usinunue nguo kwa msingi huo.

Skeni ndiyo inayoona, na hata hiyo hukosea mara moja moja mtoto akikaa vibaya. WHO hushauri mama apigwe skeni moja kabla ya wiki ya 24. Kazi yake kubwa si kutazama jinsia. Ni kujua mimba ina wiki ngapi, kama ni mtoto mmoja au mapacha, na kondo limekaa wapi. Ukiingia chumbani ukatoka na neno "mvulana" peke yake, umeacha sehemu kubwa ya faida mezani kwa daktari.

Na kwa wale waume wanaomnunia mke kwa kuzaa wasichana watupu: yai la mama lina X tu. X au Y hutoka kwa baba. Ukitaka kulaumu, kioo kiko bafuni.

UFANYE NINI SIKU IKIFIKA?

Tazama saa badala ya kubashiri jinsia. Uchungu ulipoanza kuja kwa mpango, andika. Ukifika kila dakika tano, na kila mmoja ukidumu kama dakika moja, ni wakati wa kuondoka, na ikiwa umewahi kuzaa au unaishi mbali usingoje hata hapo. Uliyepasuliwa zamani, nenda mara uchungu unapoanza. Maji yakivunjika, nenda hata kama huna maumivu. Yakiwa ya kijani au ya hudhurungi, mtoto amekwisha kujisaidia ndani, na hapo nenda kwa haraka zaidi. Damu inayotiririka, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, degedege, homa, au mtoto aliyeacha kucheza ni mambo ambayo hayangoji mtu apige simu nyumbani kuuliza.

Saa 12 za uchungu mkali bila mtoto kuonekana zinatosha kwa yeyote aliye nyumbani. Hizo ni saa za kuwa tayari umefika hospitali, si za kuanza kutafuta gari.

Ukiwa wodini, usilale chali kutwa. Tembea ukiruhusiwa, inama, lalia ubavu, kunywa maji au chai. Uwe na mtu wako karibu, kwani mwongozo wa WHO unaunga mkono mama kuwa na mwandani anayemtaka. Kama hospitali ina nafasi finyu na haimruhusu, uliza mapema kliniki wakati bado una nguvu za kubishana. Na muulize mkunga maswali: nimefika sentimita ngapi? Moyo wa mtoto uko vipi? Mtoto ameelekea wapi? Ni haki yako kuambiwa.

Pangeni usafiri wiki kadhaa kabla. Mjue dereva anayekubali kuja usiku wa manane na jirani mwenye gari. Tena wewe mume, kabla ya siku hiyo kufika, keti na mamako umwambie kwa heshima kwamba uamuzi wa kwenda hospitali utafuata saa na dalili. Ukingoja hadi usiku wenyewe, utashindwa kumkatalia. Nani anaweza kumbishia mama yake, aliyemzaa kwa siku mbili?

Yule jirani yangu hakumbishia. Ilipofika saa nane za usiku tulisikia mlango ukigongwa. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, hawezi tena kutembea, na maji yaliyokuwa yakimtoka yalikuwa ya kijani. Tulimbeba kwa shuka hadi kwenye gari la mpangaji wa ghorofa ya chini. Hospitalini walimpima, mkunga akasikiliza moyo wa mtoto mara mbili, na hakuuliza skeni ilisema nini. Aliuliza jambo moja tu: uchungu ulianza saa ngapi? Mume alipojibu, mkunga alimtazama, hakusema neno, akaenda kumwamsha daktari.

Walimfanyia upasuaji kabla ya mapambazuko. Mtoto alikuwa ameelekea mbele, kichwa kimekwama. Hakulia mara moja. Alikaa siku nne katika chumba cha watoto wachanga kabla ya kurudishwa kwa mamake, na leo ni mzima.

Alikuwa msichana wa kilo 3.1. Nyanya alifika kutoka mashambani siku ya tano na begi la nguo za samawati, akamvalisha hivyo hivyo.